UZI: Kichanga amelegea au anatetemeka, na mama anatumia dawa za kliniki ya akili. Unaanzia wapi?

DaktariWaZamu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanafunzi wa udaktari mlioanza kuingia wodini, ila wakunga, manesi na wafamasia msikae pembeni. Mengi ya hapa mnayaona kabla yetu.

Hali yenyewe ni hii. Unaitwa wodi ya wazazi. Kichanga ana saa kumi tangu azaliwe, hanyonyi vizuri, ukimwinua mikono na miguu inaning'inia tu. Au kinyume chake: anatetemeka, misuli imekaza, analia kilio kikali kisichobembelezeka. Kwenye mkoba wa mama kuna vidonge vya kliniki ya afya ya akili. Mwanafunzi wa kwanza hakuuliza, anaona haya. Wa pili aliuliza, na aliposikia tu mama anahudhuria kliniki hiyo, kufikiri kukaishia hapo: "ni dawa". Huyu wa pili ndiye ananitisha zaidi.

Mama anayemeza haloperidoli, dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona yasiyokuwepo), anaweza kuzaa mtoto aliyeshuka sukari, mwenye maambukizi kwenye damu, aliyekosa hewa wakati wa uchungu au mwenye upungufu wa kalsiamu, sawa na mama mwingine yeyote. Kwa hiyo kwanza sukari, pale pale kitandani. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, itibu, mengine yatafuata. Pima joto, hesabu pumzi. Uliza chupa ilipasuka lini, mama alikuwa na homa, mtoto alilia alipotoka? Maambukizi mkiyashuku, antibayotiki zianze, msisubiri kumaliza mjadala wa vidonge.

Sasa dawa. Vitabu vingi vinawapangia orodha ya dawa na madhara, mnakariri, baada ya mtihani yanayeyuka. Mimi huuliza LINI kabla ya kuuliza dawa gani. Dawa ile ile ikimezwa mwezi wa kwanza ina kesi tofauti na ikimezwa mwezi wa tisa.

Mwezi wa kwanza ni wa maumbile. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufungwa ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Pigeni hesabu. Mwanamke anakosa hedhi karibu siku ya 14. Amebakiwa na wiki mbili tu, na wengi wanakuja kliniki ya wajawazito mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne. Lililotaka kuharibika limeshaharibika kabla hajapewa kadi.

Hapo ndipo valproeti, dawa ya kifafa na ya baipola, inapoingia. Mwaka 1982 huko Lyon, Ufaransa, daktari Elisabeth Robert aligundua kwamba miongoni mwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi kulikuwa na wengi mno ambao mama zao walimeza dawa hiyo. Leo tunajua kwamba kati ya watoto 100 waliokutana na valproeti tumboni, wapatao 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, wakati kwa kawaida ni 2 au 3. Mgongo wazi peke yake ni 1 hadi 2 kwa kila 100. Na dozi ikipanda, hatari inapanda nayo.

Lakini wanafunzi wakishataja mgongo wazi wanaridhika, kumbe kuna jambo kubwa zaidi ambalo halionekani siku ya kuzaliwa. Watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili: kuchelewa kuongea, kuchelewa kutembea, usonji, shida ya kujifunza. Kuna utafiti uliofuatilia watoto wa akina mama wenye kifafa mpaka miaka sita, matokeo yakatoka 2013. Wastani wa IQ (kipimo cha akili) kwa waliokutana na valproeti ulikuwa 97, na kwa dawa nyingine za kifafa, kabamazepini 105, lamotrijini 108. Mtoto wa namna hiyo unamkagua siku ya kwanza, mgongo mzima, kichwa kizuri, unaandika "kawaida" na kumruhusu. Hesabu anakuja kudaiwa darasa la pili.

Ndiyo maana tangu 2018 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu mwanamke mwenye uwezo wa kushika mimba apewe valproeti bila mpango kamili wa uzazi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa magonjwa ya akili na neva, mhGAP, wa 2023 nao umekataa dawa hii kwa wasichana na wanawake wa umri huo. Msichana wa miaka 16 mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) anayeanzishiwa valproeti leo, mimba yake ya miaka mitano ijayo imeshajadiliwa bila yeye kuwepo.

Miezi ya mwisho ni habari nyingine. Hapo dawa haiumbi kasoro, inamkuta mtoto ameshakamilika. Kinachotokea ni ama kichanga kazaliwa na dawa nyingi mwilini, ama kitovu kimekatwa na dawa ikakatika ghafla. Nitayaeleza nikijibu maswali, kidole kimechoka.

Chalii_MwakaWaTatu

Shikamoo dokta. Je, FEFO (vidonge vya kuongeza damu) wanazopewa wajawazito kliniki hazitoshi kuzuia huo mgongo wazi? Si zina foliki ndani?

DaktariWaZamu

Marahaba. Swali zuri. Foliki ya kwenye FEFO ni chini ya nusu miligramu. Mama anayetumia valproeti au kabamazepini hushauriwa miligramu 4 au 5 kwa siku, na aanze kabla ya kushika mimba. Vidonge vya miligramu 5 vipo, ni vile vile wanavyopewa wagonjwa wa seli mundu. Tatizo ni muda, maana FEFO inaanza mwezi wa nne na mrija ulifungwa mwezi wa kwanza.

Halafu usije ukamwambia mama kwamba foliki inafuta hatari ya valproeti. Haijathibitika hivyo. Tunampa kwa sababu haina ubaya, lakini kinga ya kweli ni kubadilisha dawa mapema.

MfamasiaMkimya

Niongeze ya dukani kwetu. Kwanza, kwa nchi zetu kliniki ya akili ndiyo hiyo hiyo inayogawa dawa za kifafa. Mama akikwambia "natumia dawa za kliniki ya akili" usidhani moja kwa moja ana skizofrenia. Huenda ana kifafa na anameza fenobabitoni, kwa sababu ni ya bei nafuu na inapatikana mpaka zahanati.

Fenobabitoni ina mambo mawili ambayo kila mwanafunzi ayabebe. La kwanza ni kuvuja damu. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini humpunguzia kichanga vitamini K. Watoto hawa wanaweza kuvuja damu ndani ya saa 24 za kwanza, hata ndani ya kichwa. Kwa hiyo kichanga wa mama wa kifafa aliyelegea na kupauka msimwekee tu alama ya "dawa ya usingizi ya mama". Fikirieni damu kichwani. Na ile vitamini K miligramu 1 ya msuli isisahaulike, isiahirishwe mpaka asubuhi.

La pili ni uchelewaji. Kukatika kwa fenobabitoni kunaweza kuanza kuonekana siku ya nne, ya saba, hata wiki ya pili. Mama alisharuhusiwa zamani. Mtoto anatetemeka, halali, analia usiku kucha, bibi anasema ni mchango, jirani anasema degedege, na hospitali hakuna aliyewaeleza chochote.

Pia hebu acheni zile herufi A, B, C, D, X za kupanga hatari ya dawa kwa mjamzito. Marekani walizianzisha 1979 na wakazitupa wenyewe 2015 kwa sababu zilikuwa zinapotosha. Bado naletewa vijitabu vya wanafunzi vimejaa "kundi C". Kundi C linamaanisha nini kwa mama aliyekaa mbele yako? Hakuna.

NesiWaUsiku

Dokta, asante kwa kutukumbuka. Kwa wodini kwangu tatizo kubwa ni wanafunzi kushindwa kutofautisha kutetemeka na degedege. Mimi nawaelekeza hivi: shika taratibu mkono unaotetemeka, ukunje. Ukiacha kutetemeka, hiyo siyo degedege. Degedege halizuiliki kwa kushikwa. Tazama macho: yamegeukia upande mmoja? Anatafunatafuna mdomo? Rangi inabadilika, anaacha kupumua? Hapo ita daktari. Mtoto wa kutetemeka tu macho yake yapo sawa, na kutetemeka kwake huamshwa na kelele au kuguswa.

Jambo jingine ambalo watu wanasahau, kichanga aliyelegea siyo lazima awe wa dawa za akili. Mama alikuwa na kifafa cha mimba? Alichomwa magnesiamu ya kuzuia degedege?

DaktariWaZamu

Sista umeniwahi. Magnesiamu salfeti inavuka kondo, na kichanga anaweza kuzaliwa amelegea, anapumua kwa shida, utumbo umelala haufanyi kazi. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja mbili. Na msije mkaiogopa magnesiamu kwa sababu hiyo: utafiti mkubwa wa 1995 ulionyesha inapunguza kurudiwa na degedege kwa mama wa kifafa cha mimba kwa asilimia 52 ikilinganishwa na diazepamu. Ukiwa na mama mwenye kifafa cha mimba halafu mtu kamchoma na diazepamu pia njiani, kichanga wake ana sababu mbili za kulegea, na faili litakuwa na moja tu. Uliza dawa za gari la wagonjwa.

Kuhusu diazepamu na ndugu zake: mama aliyezimeza kwa wiki nyingi mwishoni, au kupewa dozi kubwa karibu na kujifungua, mtoto huwa kama kitenge kilicholowa. Amelegea, mwili wa baridi, hanyonyi, anasahau kupumua. Ini la kichanga linaivunja diazepamu polepole sana, kwa hiyo haiishi baada ya saa chache kama kwa mtu mzima. Mwekeni jotoni, mlisheni kwa mrija, mwangalieni pumzi. Baadaye huyo huyo aliyelegea anaweza kuanza kutetemeka dawa inapoisha mwilini.

Dawa za skizofrenia kama haloperidoli, klopromazini na ile sindano ya kila mwezi ya flufenazini: mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa kundi lote. Vichanga waliokutana nazo miezi mitatu ya mwisho wanaweza kukakamaa au kulegea, kutetemeka, kusinzia kupita kiasi, kupumua na kunyonya kwa shida. Sindano ya mwezi ina ujanja wake, inakaa. Usimuulize mama "unameza dawa gani?" akakujibu "simezi" ukaridhika. Muulize kama anachomwa.

Olanzapini, nayo ya kundi hilo, inaongeza uzito na sukari ya mama, hivyo mnarudi kwenye kile kipimo cha kwanza, sukari ya mtoto.

Mbishi_wa_Kijiwe

Mnazunguka sana. Kama dawa zina madhara yote hayo, si mama aache akishapata mimba? Miezi tisa tu. Bibi zetu walizaa bila hizo SSRI zenu, dawa za sonona.

DaktariWaZamu

Mkuu, nakujibu kwa takwimu kwa sababu kauli hii naisikia hata kwa madaktari.

Mwaka 2006 walifuatiliwa wajawazito wenye historia ya sonona. Walioacha dawa, asilimia 68 waliugua tena ndani ya mimba. Walioendelea, asilimia 26. Mwaka 2007 wakaangaliwa wenye baipola: walioacha, asilimia 85.5 walirudiwa. Walioendelea, asilimia 37. Kwa hiyo kuacha si kuondoa hatari, ni kubadilisha hatari. Mama aliyerudiwa na ugonjwa hali chakula, halali, hafiki kliniki, wengine wanajidhuru. Mtoto aliye tumboni mwake hayuko salama kwa sababu tu hakuna kidonge.

Bibi zetu walizaa, ndiyo. Na waliougua baada ya kujifungua walifungwa kamba nyuma ya nyumba tukaambiwa ni majini. Hatukuwahesabu.

Na kuna kuacha kwingine kunakoua haraka. Mama mwenye kifafa akikata dawa ghafla, degedege mfululizo linaweza kumwondoa yeye na mtoto siku moja. Hata ile valproeti niliyoisema vibaya hapo juu, mama aliyekwisha kushika mimba haachi mwenyewe nyumbani. Anakwenda kwa daktari wake wiki hiyo hiyo, mpango unapangwa.

Mbishi_wa_Kijiwe

Hapo kwenye kamba umenigusa. Naendelea kusoma.

BintiPwani

Samahani, mimi siyo mwanafunzi. Nina baipola, natumia lithiamu, na mimi na mume wangu tunataka mtoto. Nimesoma mtandaoni kwamba lithiamu inaharibu moyo wa mtoto mara 400. Nimelia. Ni kweli?

DaktariWaZamu

Dada yangu, pole na asante kwa kuuliza kabla. Hiyo namba 400 ina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Denmark walianzisha daftari la watoto waliokutana na lithiamu tumboni. Watu walikuwa wanaripoti zaidi waliozaliwa na kasoro kuliko waliozaliwa wazima, na kasoro ya moyo inayoitwa Ebstein ikaonekana kupanda mara mia kadhaa. Ni kasoro adimu sana, takriban mtoto 1 kati ya 20,000, kwa hiyo hata ikizidishwa inabaki adimu.

Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2017 ulikuta kasoro za moyo za aina zote kwa watoto 2.41 kati ya 100 waliokutana na lithiamu miezi mitatu ya kwanza, na 1.15 kati ya 100 kwa wasiokutana nayo. Hatari ipo, inaongezeka na dozi, hasa juu ya miligramu 900 kwa siku, lakini siyo ile ya kukufanya ulie. Usiache dawa mwenyewe. Nenda na mume wako kwa daktari wako sasa, kabla ya mimba, mjadili dozi, kipimo cha damu cha mara kwa mara na picha ya moyo wa mtoto.

Wanafunzi, kwenye lithiamu msisahau mwisho wa mimba. Figo za mama husafisha lithiamu haraka akiwa mjamzito, akijifungua zinarudi kawaida ghafla na dawa inapanda. Kichanga anaweza kuzaliwa amelegea, hanyonyi, tezi ya shingo imezubaa, anakojoa kupita kiasi. Matatizo huwa mengi zaidi kiwango cha lithiamu kwenye damu siku ya kuzaa kikizidi 0.64 mmol/L, ndiyo maana wengine husitisha dozi saa 24 hadi 48 kabla ya kujifungua, kisha mama anarudishiwa mara tu hali inaporuhusu, kwa sababu siku zile za kwanza ndizo za hatari kubwa kwa mwenye baipola. Kusitisha huko ni kwa maelekezo ya daktari, siyo kwa kusoma uzi.

BintiPwani

Ahsante sana. Nimempa mume wangu asome.

Mwanafunzi_Chakavu

Dokta, SSRI umeziruka. Fluoksetini ndiyo naiona sana kliniki. Na kuna mhadhiri alituambia zinaleta usonji.

DaktariWaZamu

Takriban theluthi moja ya vichanga waliokutana na SSRI miezi ya mwisho huonyesha dalili: kutetemeka, kulia, kukaza misuli, kupumua haraka, kunyonya vibaya. Huanza ndani ya siku mbili za kwanza, na wengi wako sawa ndani ya wiki mbili. Fluoksetini inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo dalili zinaweza kuchelewa kidogo. Paroksetini hutoka haraka na dalili zake huwa kali zaidi. Bado kuna mabishano kama ni dawa kuzidi au dawa kukatika, na kwako wodini haibadilishi kitu. Matibabu ni kifua cha mama. Kangaruu, chumba chenye utulivu, alishwe kidogo kidogo. Wachache sana wanahitaji dawa.

Linalohitaji macho ni pumzi. Shinikizo la mishipa ya mapafu lisiloshuka baada ya kuzaliwa liliongezeka kutoka vichanga 1.2 hadi 3 kwa kila 1,000 kwenye takwimu za 2012 za nchi za Nodiki, kaskazini mwa Ulaya. Ni wachache, lakini kichanga wa SSRI aliye wa bluu siyo "anatetemeka tu".

Usonji: tafiti za awali zilionyesha uhusiano. Ila mama mwenye sonona ana vinasaba vyake na mazingira yake, na hivyo navyo mtoto anavirithi. Mwaka 2017 Sweden walichukua watoto zaidi ya milioni 1.5 na kulinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja alikutana na dawa na mwingine hapana. Uhusiano na usonji ukatoweka. Kilichobaki ni ongezeko dogo la kuzaliwa njiti. Mheshimu mhadhiri, lakini muulize amelinganisha na nani.

Jirani_wa_Eldoret

Nawasalimu kutoka Kenya. Msisahau wanaume pia! Januari 2024 wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa tahadhari kuhusu baba anayetumia valproeti miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa: watoto wapatao 5 kati ya 100 walikuwa na matatizo ya ukuaji wa akili, dhidi ya 3 kati ya 100 kwa akina baba wa dawa nyingine za kifafa, lamotrijini au levetirasetamu. Haijathibitishwa kabisa, lakini wamewaambia wanaume wazungumze na daktari.

MfamasiaMkimya

Hiyo kweli. Wanaume kwenye dirisha la dawa hatuwaulizi hata siku moja kama wanatafuta mtoto.

NesiWaUsiku

Swali la mwisho kwangu, maana ndilo akina mama wananiuliza saa nane usiku. Anyonyeshe au asinyonyeshe?

DaktariWaZamu

Kwa dawa nyingi, anyonyeshe. Setralini, mojawapo ya SSRI, inapita kidogo sana kwenye maziwa. Kabamazepini na haloperidoli mara nyingi zinakubalika ukiwa unamwangalia mtoto kama anasinzia sana au haongezeki uzito. Klozapini, nayo ya skizofrenia, hapana. Lithiamu wengi tunaikwepa, au tunaruhusu pale tu penye uwezo wa kumpima mtoto damu, na sehemu nyingi haupo. Diazepamu ya kila siku, tahadhari. Unapomwambia mama wa kijijini asinyonyeshe umemwagiza maziwa ya kopo asiyoyamudu na maji ambayo hujayaona, kwa hiyo uwe na sababu nzito.

Pia mtoto anayenyonya mama wa fenobabitoni au SSRI asikatishwe ghafla kunyonya wakati dalili bado zipo.

Kuhusu kuruhusu: hawa wa SSRI na wa dawa za skizofrenia nakaa nao saa 48 hadi 72, nafasi ikiwepo. Wa fenobabitoni wanaweza kwenda nyumbani wakiwa wazima, lakini andika kwenye kadi ya mtoto jina la dawa ya mama, dozi, na tarehe ya kurudi baada ya wiki moja. Na mwite bibi au yeyote atakayekaa na mtoto nyumbani asikie kwa masikio yake: akitetemeka na kulia mlete, asivutishwe moshi wala kupakwa dawa ya degedege, na mama asiambiwe aache vidonge vyake.